Samaki Anavyojimeng'enya Mwenyewe

Asubuhi pale Feri, Dar es Salaam, kidole gumba ndicho kinachoamua biashara. Mnunuzi anabonyeza ubavu wa changu na kusubiri kidogo. Nyama ikirudi juu, bei inaanza kujadiliwa. Shimo likibaki, anahamia meza ya pili.

"Wa leo huyu, mama," muuzaji anamwita.

"Wa leo, kaka, lakini amelegea."

Na wote wawili wanasema kweli. Samaki aliyetoka majini alfajiri, asiye na harufu, macho yake bado yana mng'ao na matamvua bado mekundu, anaweza kabisa kuwa amelegea ifikapo saa nne. Tumezoea kuwatupia bakteria lawama zote. Lakini mnofu wa samaki mzima, mwenye afya, huwa hauna bakteria wa kuhesabika siku anayovuliwa. Makao yao ni kwenye ngozi, matamvua na utumbo, nao huchukua muda kuingia ndani na kuzaana. Anayelegeza nyama mwanzoni ni samaki mwenyewe, kwa vimeng'enya alivyokuwa navyo tangu hai.

Alipokuwa hai vilikuwa mafundi wake. Protini za misuli huchakaa, hukatwakatwa, kisha vipande vyake hutumika kujenga nyingine. Ili mafundi hao wasije wakabomoa nyumba nzima, mwili umewawekea kufuli. Baadhi wamefungiwa ndani ya vifuko vidogo vya seli viitwavyo lisosomu. Wengine hawaamki mpaka kalsiamu iongezeke, na wana protini maalumu ya kuwazuia. Kifo huvunja kufuli hizo polepole, ila mafundi wenyewe hakiwaui. Wanaendelea na kazi, safari hii bila msimamizi na bila mtu wa kujenga upya.

Ili kuona wanachokibomoa, chukua kipande cha nguru kilichochemshwa, ukisukume kwa uma. Kitaachana katika matabaka, moja baada ya jingine, kama kurasa. Kila ukurasa ni fungu la nyuzi fupi za msuli, na kati ya ukurasa na ukurasa palikuwa na utando mwembamba wa kolajeni ulioyeyuka kwa moto. Nyama ya ng'ombe haikujengwa hivi. Nyuzi zake ni ndefu na kolajeni yake ni nyingi na ngumu zaidi, ndiyo maana inataka saa mbili jikoni na samaki anataka dakika kumi. Kwa ng'ombe, vimeng'enya vya baada ya kifo ni neema: wachinjaji wa Ulaya huning'iniza nyama siku nyingi kwenye baridi ili ilainike. Samaki amezaliwa laini tayari, hana cha kupunguza.

Saa chache baada ya kufa samaki hukakamaa. Nishati ya seli, ATP, imekwisha, na nyuzi mbili za msuli, miosini na aktini, zimeshikana bila uwezo wa kuachiana. Ukimshika kichwani akiwa hivyo, mkia haushuki, ni ubao. Watu wa pwani walikuwa na neno lao kuhusu hali hiyo: samaki mkunje angali mbichi. Tumeitumia methali hiyo kwa watoto mpaka tumesahau kwamba inamhusu samaki, na kwake ni maelekezo ya kazi. Ukimkunja aliyekakamaa ili aenee kwenye tenga dogo, tando zinazoshikilia nyama huchanika, na minofu yake itafunguka mianya hata kabla vimeng'enya havijafanya lolote la maana.

Kisha ukakamavu hupungua, na hapa watu wengi hudhani kwamba miosini na aktini zimeachiana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mengine: nyuzi hizo zinabaki zimeshikana, ila nguzo na kamba zinazozizunguka zimekatwa. Swali lililowasumbua wataalamu kwa miongo kadhaa ni nani mkataji.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kalpeini, kinachoamshwa na kalsiamu inayovuja ndani ya seli baada ya kifo. Kinapenda mazingira yasiyo na asidi nyingi, na samaki anayafaa, kwa kuwa akiba yake ya sukari ya misuli ni ndogo na asidi inayotokana nayo baada ya kifo ni kidogo. Nyama ya ng'ombe hushuka hadi pH ya karibu 5.5, samaki wengi huishia juu ya 6. Kalpeini hakivunji sana miosini yenyewe. Hukata protini za kiunzi, kama titini na desmini, zinazoweka kila uzi mahali pake. Mtuhumiwa wa pili ni ukoo wa kathepsini, wale waliofungiwa kwenye lisosomu, wanaopenda asidi. Kathepsini L ndiyo hatari kuliko ndugu zake, maana inakata karibu kila inachokutana nacho, miosini ikiwemo. Mtuhumiwa wa tatu ni vimeng'enya vinavyokata kolajeni na gundi iliyo kati ya seli.

Ubishi wa nani kati ya hao watatu umechukua muda mrefu kuliko ulivyostahili, na kwa maoni yangu sababu ni neno "laini". Neno hilo tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Kuna mnofu unaofunguka mianya kati ya matabaka, ingawa kila tabaka ni imara. Kuna mnofu uliopoteza mrudio, ule unaobaki na alama ya kidole. Na kuna mnofu uliogeuka uji. Anayepima la kwanza atamkuta mkata kolajeni. Anayepima la tatu atamkuta kathepsini. Kisha wote wawili wataandika kwamba wamempata mkosaji.

Darubini imesaidia kutenganisha mambo. Kwa samaki wa samoni na wa kodi (cod) imeonekana kwamba kinachotangulia kuachia ni mahali seli ya msuli inaposhikamana na jirani yake na utando wake. Nyuzi za ndani ya seli zinaweza kuwa bado nzima. Mjapani anayekula samaki mbichi huihisi tofauti hiyo mapema mno, ndani ya siku ya kwanza kwenye baridi, kwa sababu anatafuna kolajeni ikiwa bado kolajeni.

Lakini sisi tunampika. Kolajeni ya samaki huyeyuka kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe na kuwa jelatini; ndiyo inayofanya mchuzi wa kichwa cha samaki ugande ukilala kwenye friji. (Ndiyo pia iliyojaa kwenye bondo la sangara, na mabondo leo yanauzwa bei ambayo minofu ya samaki huyohuyo haiwezi kuiota.) Samaki akishachemka ndani ya tui la nazi, kolajeni haina tena la kusema kuhusu ugumu wake. Kinachobaki kati ya meno ni miosini na wenzake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utafiti uliofanywa juu ya samoni wa kuliwa mbichi au wa moshi haijibu swali la mama wa Feri, na anayeunukuu kwa samaki wa kupikwa anapaswa kuwa mwangalifu. Kwa sufuria yetu, mtuhumiwa wa kufuatiliwa kwa karibu ni kathepsini.

Kisa kinachoonyesha hilo vizuri kuliko vyote kinatoka mbali, pwani ya Pasifiki ya Marekani, katika majimbo ya Oregon na Washington. Huko wanavua Merluccius productus, samaki mweupe wa bei nafuu apatikanaye kwa wingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vilianza kumtengeneza surimi kwa kiwango kikubwa. Surimi ni nyama ya samaki iliyosagwa na kuoshwa kwa maji, ambayo baadaye hutiwa chumvi na kupashwa moto hadi igande na kuwa ngumu yenye mvuto. Vile vijiti vya "kaa" visivyo na kaa ndani vinatokana nayo. Nyama ya samaki huyu ilipopashwa taratibu haikuganda, ikarudi uji. Wajapani, mabingwa wa surimi, walikuwa tayari na jina la hali hiyo: modori, yaani kurudi nyuma.

Kumbe kuosha kulikuwa kukiondoa kathepsini nyingine na kuiacha kathepsini L imeng'ang'ania kwenye nyama. Na kathepsini L hufikia kilele cha nguvu zake karibu na nyuzi 55 za Selsiasi. Surimi ikipanda joto polepole hukaa muda mrefu katika eneo hilo, na miosini yote inakatwa kabla ya kuganda. Wenye viwanda wakatafuta vizuizi: ute wa yai, unga wa viazi, utegili (plazima) wa damu ya ng'ombe. Utegili ndio uliofanya kazi vizuri kuliko vyote, mpaka hofu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu ilipoufukuza kwenye chakula cha watu. Njia nyingine ilikuwa rahisi zaidi: pasha haraka, uvuke nyuzi 50 na 60 kabla kimeng'enya hakijapata nafasi, halafu joto lenyewe likiue.

Mchoma mishkaki anaijua hesabu hii kutoka upande wa pili. Papai bichi analolipaka kwenye nyama lina papeini, nacho ni kimeng'enya cha kukata protini. Nyama ikiwa kwenye baridi, papeini hufanya kazi kwa uvivu. Ikianza kupata moto juu ya mkaa, hasa kati ya nyuzi 60 na 70, ndipo inapokata kwa kasi. Akizidisha papai, mshikaki unakatika kabla haujaiva na nje yake inakuwa kama iliyotafunwa. Usimpake samaki papai. Na kama una samaki unayemshuku kuwa amelegea, usimwanzishe kwenye maji baridi juu ya moto mdogo. Mafuta yapate moto sawasawa kwanza, ndipo umtie.

Si kila mara kimeng'enya ni cha samaki. Huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, wavuvi wa samaki aitwaye snoek walikuwa na kero ya zamani: samaki anapandishwa akiwa imara, baada ya muda nyama inageuka uji. Walimwita "pap snoek", pap ikimaanisha teketeke kwa Kiafrikana. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa samaki J. D. F. Gilchrist alimweleza mdudu anayehusika, kimelea kisichoonekana kwa macho ambacho leo kinaitwa Kudoa thyrsites. Kimelea hukaa ndani ya nyuzi za msuli. Samaki akiwa hai, haionekani dalili kubwa. Akifa, kimeng'enya cha kimelea, nacho ni cha ukoo wa kathepsini L, hubaki kwenye nyama na kuiyeyusha. Ndugu zake wengine wa jamii ya Kudoa ndio wanaochangia uji wa yule samaki wa Oregon. Kudoa thyrsites haimwambukizi mtu, lakini biashara inaiua, na aliyesimama mezani ndiye anayetukanwa.

Wakati mwingine samaki ameanza kujila hata kabla ya ndoana. Samoni wa aina ya chum, akirudi mtoni kutaga mayai, huacha kula. Safari ni ndefu, mayai yanataka protini, na protini iliyopo ni misuli yake mwenyewe. Kathepsini L hupanda ndani ya misuli hiyo, na anayemvua karibu na mwisho wa safari hupata nyama laini, iliyopauka, hata amtunze vipi.

Jodari ana balaa lake. Ni samaki mwenye damu yenye joto kuliko maji anamoogelea, na akinaswa kwenye mshipi hupigana kwa nguvu zote. Asidi ya misuli inapanda na joto linapanda pamoja nayo, hata kupita nyuzi 30. Akipandishwa na kuachwa hivyo, ndani ya saa chache sehemu ya nyama iliyo karibu na uti wa mgongo huwa imepauka, laini, yenye maji na ladha ya uchachu. Wajapani huiita yake-niku, nyama iliyoungua, ingawa haikuona moto. Kwa muda mrefu iliaminika ni asidi na joto tu vinavyoharibu protini. Katika miaka ya 1980 watafiti waliofanya kazi Hawaii walipendekeza kwamba kalpeini nacho kimo: msukosuko wa kifo unaiachia kalsiamu, kalsiamu inakiamsha, na joto linakipa kasi. Dawa ya mvuvi haikubadilika kwa maelezo yoyote kati ya hayo. Muue mara moja kwa kumchoma ubongo, mtoe damu, mtumbukize kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Jodari aliyekufa kwa kuhangaika juu ya sitaha hauziki kwa wanaokula mbichi.

Hapa niweke onyo. Ulaini si kipimo cha usalama. Jodari au kibua anaweza kuwa mgumu mzuri kwa kidole na bado awe na histamini, sumu inayotengenezwa na bakteria samaki akikaa kwenye joto, ambayo kupika hakuiondoi.

Mpaka hapa nimezungumzia msuli. Utumbo ni habari nyingine, na kwa samaki wadogo ndio habari yote. Vimeng'enya vya kusaga chakula vina nguvu kupita vya misuli, na samaki aliyevuliwa akiwa ameshiba anavyo vimejaa. Akifa, ukuta wa tumbo lake mwenyewe unakuwa chakula. Vibua na dagaa hupasuka matumbo ndani ya saa chache. Huwezi kumtumbua dagaa mmojammoja, kwa hiyo kila mahali watu wamebuni namna ya kupambana na jambo hili, au kulitumia. Wavietnamu hufunga dagaa na chumvi nyingi kwenye mapipa kwa miezi hadi mwaka, wakiviacha vimeng'enya vimalize kazi, kisha hukinga maji yake na kuyaita nước mắm. Waholanzi humtumbua samaki wao wa hering nusu tu, wakiacha kongosho ndani kwa makusudi ili limlainishe kwenye chumvi.

Unguja wana jibu lao, na ni zuri. Ukifika diko wakati wa giza la mwezi, dagaa wakiwa wamepatikana kwa taa usiku kucha, kabla ya jua kupanda utakuta moto umeshawashwa chini ya masufuria mapana. Dagaa wanamiminwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, wanatolewa baada ya muda mfupi, wanatandazwa kuanikwa. Wanawake na vijana wanaofanya kazi hiyo watakwambia wanachemsha ili dagaa wasivunjike na wasinuke. Ndivyo ilivyo: moto umeua vimeng'enya vya tumbo kabla havijala ukuta wake, na protini imeganda ikamshika dagaa umbo lake mpaka afike kwa wanunuzi wa Kongo. Ziwa Victoria wengi huanika dagaa mbichi, kwenye mchanga au kwenye chanja. Jua likiwa kali, unyevu unatoka kabla ya vimeng'enya kufika mbali. Mvua zikianza, mialo yote hupata dagaa waliokatika vichwa na kupasuka matumbo, na mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kuwa chakula cha kuku.

Sasa barafu. Kwa kila nyuzi 10 za joto, kazi ya vimeng'enya huongezeka karibu mara mbili, na mara nyingine huwa tatu. Bahari yetu ina nyuzi 26 hadi 29. Kutoka hapo hadi sifuri ya barafu ni karibu hatua tatu za nyuzi 10, kwa hiyo hata kwa makisio ya chini tuseme mara nane. Saa moja ndani ya mtumbwi bila barafu ni sawa na saa nane kwenye barafu. Samaki aliyetoka majini saa kumi na mbili asubuhi akauzwa adhuhuri bila kupozwa ametumia siku mbili za maisha yake ya sokoni. Huyo ndiye "wa leo" aliyelegea.

Kinachosikitisha ni kwamba barafu inawafaa samaki wetu kuliko inavyowafaa wa Norway. Kodi anaishi kwenye maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na bakteria na vimeng'enya vyake vimezoea baridi. Kwenye barafu hudumu kama wiki mbili. Samaki wa maji ya joto akiwekwa sifuri ni kama amehamishwa dunia. Sangara aliyepozwa vizuri tangu mwanzo hukaa wiki tatu na zaidi. Tuna faida ambayo Wazungu hawana, na tunaipoteza kati ya chombo na nchi kavu, ambako barafu haipo, au ipo kidogo, juu tu, kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Kipimo kinachopendekezwa kwa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Nimeona madiko ambayo kipimo ni ndoo moja kwa chombo kizima.

Friza ya nyumbani nayo si mkombozi kama tunavyodhani. Inagandisha polepole, na fuwele kubwa za barafu hutoboa seli na lisosomu zake. Samaki akiwa ameganda hasa, nyuzi 18 chini ya sifuri, vimeng'enya karibu vinasimama. Akiyeyuka, kathepsini zimeshatoka kifungoni. Mwaka jana umeme ulikatika kwetu tangu jioni hadi asubuhi, na nguru niliyemnunua kwa bei ya kuumiza akayeyuka, akaganda tena, nami nikajifanya sikuona. Nilipomkaanga alimwagika kwenye kikaango kama kande. Hakuwa na harufu yoyote. Tulimla kwa kijiko.

Kwa hiyo kidole gumba ni kipimo kizuri, lakini kinafika baada ya mambo kwisha. Ukienda sokoni, acha kuuliza kama samaki ni wa leo. Muulize muuzaji alitoka majini saa ngapi, na aliguswa na barafu saa ngapi. Akiweza kujibu swali la pili, nunua kwake.